Taarifa ya mwenyekiti kwa mkutano wa mwaka: watoto wetu na hizi roboti

Assalam aleikum na habari zenu wanachama wote, wa kisiwani Mombasa, Likoni, Kisauni na nyinyi wa Changamwe ambao kila mwaka jam ndio sababu. Hesabu atasoma mweka hazina, mimi naongea kazi tu.

Mwaka huu tulihangaika sana na roboti za sakafuni za watoto wa PP1 na PP2, yaani madarasa ya chekechea, zile Bee-Bot za manjano, na wazazi wengi wamenikamata njiani wakiniuliza mtoto wa miaka minne na kompyuta wapi na wapi. Jamani, hata skrini hazina! Zina vibonye vya mishale mgongoni, mtoto abonyeza mbele, mbele, kulia, halafu kile cha katikati nayo yaenda, hatua moja sentimita 15, kona moja nyuzi 90, basi.

Sasa shida iko hapo kwenye kona. Mtoto akibonyeza kulia yuangoja isonge upande upande kama kaa, kumbe inageuka palepale tu haiendi popote, mpaka abonyeze mbele tena. Ukimweleza kwa mdomo utachoka wewe. Lakini mchoree miraba ya chaki pale uani, mwenzake awe ndio wa kumpa amri, ageuke yeye mwenyewe mwili mzima, hapo ashika. Na roboti ikiwa yamtazama, kulia kwake inakuwa kushoto kwa mtoto, hapo ndio kelele, kwa hivo walimu humwambia asimame nyuma yake waangalie njia moja. Alafu kuna kibonye cha kufuta, kisipobonyezwa amri za mtoto wa kwanza zinabaki na wa pili anaona kidude chamdharau, vita vingi vyatoka hapo.

Hili la kutumia mwili si letu sisi. Seymour Papert, mzaliwa wa Afrika Kusini, alifanya kazi na Piaget, yule mtaalamu wa jinsi watoto wanavyofikiri, kule Geneva kabla ya kwenda chuo cha MIT Marekani, na yeye na wenzake wakatoa Logo, lugha ya kuamrisha kompyuta, mwaka 1967, baadaye ikaendesha roboti ya kobe sakafuni, na mtoto akikwama aambiwa jifanye wewe ndio kobe, tembea. Watoto wetu wanaocheza kibe na ukuti ukuti hilo haliwashindi.

Ndio maana sikubaliani na wale wanaotaka kila mtoto apate roboti yake. Moja kwa watoto watatu wanne yatosha, mmoja abonyeza, mmoja atembea, mwengine apinga, na kule kubishana ndio somo lenyewe. Afadhali pesa ziende kwa turubai za miraba ya sentimita 15 na kivuli cha uani, sababu saa nne jua lishakuwa kali na mchanga unaingia kwenye magurudumu. (Kuna fundi mjini amekaa na roboti zetu mbili mpaka simu hashiki tena, mwenye kumjua amwambie twamtafuta.)

Chekechea za umma ziko chini ya kaunti, kwa hivo barua ya kuomba kivuli tutaipeleka huko, katibu ashaiandika. Mambo ya roboti zaidi au turubai tutapiga kura mweka hazina akimaliza, na kura ni ya aliyelipa ada tu, msinigombeze mlangoni.