Barua kwa Mwanangu Anayehamia Dodoma

Mwanangu mpendwa,

Mama yako ameniambia kwamba barua yako ya uhamisho imekwishatoka na kwamba Jumatatu unaripoti Mtumba, kwenye mji wa serikali, katika idara ya mipango. Nimefurahi sana, mama, na usiku huo usingizi ulinipita. Nimechagua kuandika kwa sababu kwenye simu huwa unaniitikia "sawa baba" kabla sijamaliza.

Neno langu ni moja, nalo ni Januari 2028. Watoto walioanza darasa la tatu kwa mtaala mpya mwaka 2024 wanamaliza shule ya msingi darasa la sita mwakani, na waliowatangulia, wa mtaala wa zamani, wanamaliza la saba mwaka huo huo. Wanao wote wawili wamo: dada mtu yuko darasa la sita, mdogo wake la tano, nao wataanza kidato cha kwanza pamoja. Juzi nilimwona mdogo akifungua vitabu alivyoachiwa na dada yake, akakuta sivyo anavyofundishwa, akavirudisha kabatini bila kusema kitu.

Sisemi kwamba sera hii ya elimu, Toleo la 2023, iliyoleta mtaala huo ni mbaya. Miaka 10 ya elimu ya lazima ni jambo jema, na mkondo wa amali, yaani wa ufundi, unaomwezesha mtoto kutoka shuleni na kazi mikononi, ni wazo tulilolisikia tangu Elimu ya Kujitegemea ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1967, na tumechelewa mno kulitenda. Lakini nakuuliza, na nitakuuliza tena: nani atasimama mbele ya watoto hao? Kuta zitajengwa. Shule za kata zilipoanza kuenea baada ya mwaka 2004 kuta zilipanda upesi, ila mwalimu wa hisabati na fizikia akasubiriwa kwa miaka.

Unajua nilivyoingia kazini. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, lililotaka watoto wote waingie shule ya msingi, tulichukuliwa vijana tuliomaliza darasa la saba, tukajifunza ualimu huku tukifundisha, na taifa likahesabu kwamba kila mtoto ameandikishwa. Waliokaa sakafuni karibu na mlango sikuwafikia. Nilitia vyema kwenye madaftari yao bila kuyasoma yote. Mmoja wao, sasa ni mzee mwenye wajukuu, alikuja mwezi uliopita na fomu ya mbolea ya ruzuku akaniomba nimsomee. Nilimsomea mpaka mwisho. Alinishukuru, akaniita mwalimu.

Kwa hiyo watakapokuletea jedwali la madarasa, utafute safu ya walimu, na kama haipo, usilipitishe. Mwalimu wa stashahada huandaliwa kwa miaka miwili au mitatu, maana yake atakayewapokea wanao Januari 2028 anapaswa kuwa chuoni leo, na wa amali anahitaji pia karakana yenye vifaa vya kujifunzia. Usikubali waseme watalitazama bajeti ijayo. Mnapanga utekelezaji wa Dira ya Taifa ya Maendeleo 2050, na mwaka huo mwanao mdogo atakuwa na miaka kama 35, ndiye atakayebeba hayo mnayoyapanga. Najivunia kwamba kalamu hiyo imefika mikononi mwako. Hata hivyo nilihuzunika Desemba ulipopita mbele ya shule yetu bila hata kushuka kwenye gari kumsalimu mwalimu mkuu, ilhali ungeona mwenyewe darasa la kwanza lilivyojaa.

Watoto wasikutie wasiwasi, watakaa hapa kwetu hadi utakapopata nyumba. Mfereji wa bati umeoza upande wa jikoni na maji ya mvua yanamwagikia kuni, nitaushughulikia mahindi yakiuzwa. Kaka yako ametuletea kabati jipya la vyombo, mlango wake unafunga bila kusukumwa. Mwaka ule alipotaka kwenda chuo cha ufundi nilimpeleka kidato cha tano kwa nguvu; ukizungumza naye, msifie kazi yake, mimi maneno hayo hunishinda. Viatu vya mdogo vimeanza kumbana, kwa hiyo ukituma fedha za sweta uongeze na za viatu.

Ukishapewa meza yako huko, kabla ya jambo lolote, uliza ile safu ya walimu, kisha unipigie simu. Nitakuwa macho.

Baba yako