Usikitupe kipimajoto

Rehema rafiki yangu,

Salaam nyingi, sisi wazima. Barua yako nimeisoma mara mbili na neno moja limenikaa: kipimajoto kimesoma digrii 3 kwenye barafu badala ya 0, basi kimekufa, unakitupa. Tafadhali usikitupe!

Nahisi ulitia vipande vitatu vinne vya barafu kwenye bilauri ya maji, ukakizamisha mpaka chini. Barafu huelea, Rehema. Maji huwa mazito zaidi yakifika digrii 4, na hayo ndiyo yanayotuama chini. Kipimajoto kilikwambia kweli ya pale kilipokuwa.

Fanya hivi. Ponda barafu iwe chenga, jaza chombo mpaka juu, kisha mimina maji safi ya baridi yazibe mianya tu. Ukiona maji matupu chini, yamezidi, yapunguze. Koroga, ngoja dakika chache, kipimajoto kikae katikati bila kugusa chombo. Soma kikiwa bado ndani, jicho likiwa usawa wa kioevu. Chumvi isiingie kabisa, itashusha chini ya 0.

Kuhusu ubishi wako na Sudi, kama joto hupandisha digrii au huyeyusha tu, nyote mna haki. Kuna joto linalopandisha digrii: kilo 1 ya maji hutaka kama kilojuli 4.2 (kilojuli ni kipimo cha nishati) kwa kila digrii. Na kuna joto fiche, linalobadili hali tu. Kuyeyusha kilo 1 ya barafu iliyo kwenye 0 hula kilojuli 334, na kipimajoto hakisogei. Joto hilohilo lingeyapandisha maji yake kutoka 0 hadi karibu 80! Ndiyo maana barafu inayoyeyuka ni kipimo cha kuaminika. Maji yanayochemka yana hila: kila ukipanda kama mita 300 kutoka usawa wa bahari, huchemka digrii 1 hivi chini zaidi.

Lakini nirudi kwenye kipimajoto chako. Kinapima halijoto yake chenyewe, kwa hiyo kipe muda kilingane na kinachopimwa. Kikague pia: kioevu kikikatika vipande ndani ya mrija, usomaji wowote ni bure mpaka kiungane.

Ni cha zebaki au cha spiriti? Kina alama ya mahali pa kuzamisha? Ulisoma mara ngapi? Ulikitoa nje ndipo ukasoma? Na mama, mguu umepoa? Nijibu upesi, na kipimajoto kikae kabatini mpaka hapo.

Wako,
Mwanaidi