Mama, injini ya Toyota siweki

Mwangaluka mama, binti yangu. Ujumbe wako niliuona nikiwa gereji huku Nyakato mikono imejaa oili mpaka kwenye viwiko, ndo maana sikujibu, sasa nimekaa nakujibu vizuri. Naona wewe na baba yako mdogo mmeshakuwa kitu kimoja, eti ile Peugeot 404 ya babu ing'olewe injini tufunge ya Toyota, spea zipo kila duka, yaishe. Nimewasikia. Ila hapana, na ngoja nikwambie kwa nini maana wewe ndo uko Nairobi na kuna kazi nataka nikutume.

404 haijaundwa kama haya magari mnayopanda siku hizi. Injini imelazwa nyuzi 45, haijasimama, na propela shafti, ule mhimili unaopeleka nguvu nyuma, huioni kabisa, imo ndani ya bomba la chuma lililoshikana na difu, ile gia ya nyuma inayozungusha magurudumu. Sasa ukileta injini ya Toyota inakuja na giaboksi yake, giaboksi hiyo hailijui lile bomba, haya toa bomba, ukitoa bomba difu inabaki haina cha kuishika, haya toa na difu, na ukishafika hapo umebaki na bodi ya babu imepanda juu ya gari la mtu mwingine na hela imeisha vile vile.

Halafu kuna suala la slivu, yale mabomba ambamo pistoni inapanda na kushuka, hapa Wafaransa niliwavulia kofia. Injini nyingi silinda zimetobolewa humo humo kwenye bloku, zikiisha unapeleka mashine wanachonga, saizi inapanda, ukimaliza saizi na bloku ndo limeisha. Hii slivu zinachomoka mama! Maji yanazunguka slivu yenyewe, zikichoka unatoa nne unaweka nne na pistoni zake, unarudi kwenye saizi ile ile ya kiwandani, kipenyo milimita 84, mwendo wa pistoni 73, ujazo wa injini cc 1618. Yaani waliitengeneza wakijua ipo siku mtu ataifungua, na nyie mnaniambia niitupe.

Kuzichomoa sasa ndo ilikuwa shughuli. Babu yako rejeta alikuwa anajaza maji ya ziwani, kulanti, ile dawa ya rejeta ya kuzuia kutu, hakuwahi kuisikia, na gari likaja kukaa Magu chini ya mwembe miaka na miaka maji yakiwa humo humo. Tulipofungua hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, tukakuta tope chini ya bloku, tope kabisa, unaweza kupanda mchicha. Slivu zimeshikwa na kutu huko chini zinakokalia, tukamwagia dizeli tukaziacha zilowe, kesho yake fundi anagonga kutokea chini na kipande cha mti, taratibu, maana nyundo ukiipiga moja kwa moja unapasua. Zimetoka zote lakini hazirudi. Krenki imepimwa iko safi. Hedi ndo imeumia, ni ya aluminiamu, maji yameila kuzunguka matundu, itabidi ijazwe kwa kuchomelewa halafu ipigwe mashine ibaki bapa. Kwa sasa iko sebuleni nyuma ya kochi, wazee wa vyuma chakavu hapa mtaani hawalali, na mama yako ameshanuna.

Unajua baba zako wadogo kwenye urithi waligawana ng'ombe mimi nikapewa gari bovu, wakacheka sana. Wacheke tu. Hilo gari babu alikuwa anatuambia ndilo lililoshinda Safari Rally na sisi watoto tukaamini ni hilo hilo lenyewe! Kumbe ni aina yake, 404 ilishinda 1963, halafu 1966, 1967 na 1968 mfululizo, na hiyo ya 1968 ilikuwa mvua na matope mpaka yakamaliza magari 7 tu. Ya 1966 na 1967 aliendesha Bert Shankland, mtu wa hapa hapa Tanzania kwa makazi, ila lile lake mafuta yalikuwa yanapulizwa kwa injekta, la babu ni la kabureta ya kawaida. Babu hilo hakulisema. Na serikali ilipokataza magari binafsi kutembea Jumapili mchana kuokoa mafuta, mzee analiosha, anaingia anakaa ndani, amevaa koti.

Sasa kazi yako. Nenda pale Kirinyaga Road uulizie seti ya slivu na pistoni za 404, injini ya 1618. Watakuletea za Peugeot 504, Nairobi 504 zilijaa, na watakwambia mama hizi ni zile zile kipenyo 84. Kweli 504 ya 1800 kipenyo ni 84, lakini mwendo wa pistoni ni 81 siyo 73, kwa hiyo usikubali maneno. Nakutumia pistoni moja ya zamani kwa dereva wa basi, nimeifunga kwenye gunia, iweke juu ya meza pembeni ya mpya, pimeni kuanzia tundu la pini mpaka kichwani, ikizidi hata kidogo rudisha. Na gasketi za chini za slivu zije humo humo kwenye seti, unene tofauti tofauti kama wanazo, maana slivu lazima ichomoze kidogo tu juu ya bloku na zote nne ziwe sawa, ikizama maji yanaingia kwenye oili inakuwa chai ya maziwa tunaanza upya.

Bei wakikutajia usitoe hela hapo hapo, nipigie kwanza. Na usiwaambie gari ni la urithi, wakisikia urithi wanapandisha.

Baba yako