Dada, mawese yale yalikuwa ya bibi

Dada yangu,

Shikamoo. Najua barua hii hutaifungua mwenyewe, kwa maana tangu mwaka jana hupokei simu zangu, lakini najua pia kwamba mwanao ataisoma, na akishaisoma hataweza kunyamaza. Atakaa juu ya kile kigoda cha jikoni akusomee huku wewe ukiendelea kupeta mchele kana kwamba husikilizi. Basi na asome polepole, wala asiruke mahali. Nimeandika hadharani kwa sababu na wewe ulinisema hadharani, mbele ya akina mama wa mtaa mzima, na neno lililosemwa mbele za watu siwezi kulijibu kwa kunong'ona.

Kuna jambo ambalo sijawahi kukwambia kwa mdomo. Karibu kila ninachokijua kuhusu chakula nilikijua kwako, kabla ya mwalimu yeyote kusimama mbele yangu hapa Morogoro akatuchorea ubaoni umbo la wanga. Mchele ulikuwa ukiuloweka baada ya Isha, na saa kumi alfajiri nilikuwa nikisikia mbuzi ikikwaruza nazi kabla sijasikia adhana. Nilikuwa na miaka tisa uliponipa kifumbu kwa mara ya kwanza ukaniambia nikamue mpaka mikono iume, kwamba tui la kwanza ni la vitumbua na la pili tutaungia kisamvu mchana. Ulinionyesha jinsi ya kukitazama kitumbua kwenye chuma: ukingo ukishashikamana na katikati kukatokeza vitundu, ndipo unakipindua kwa njiti ya ukuti, ukiwahi kinapasuka, ukichelewa kinakuwa kichungu upande mmoja. Mwaka wa kwanza chuoni, tulipofundishwa kwamba hamira inakula sukari na kutoa hewa, niliiona ile ndoo yetu ya plastiki iliyofunikwa kanga, na unga ukiwa umeinuka hadi kugusa kitambaa. Nilijibu swali lile la mtihani kwa kuikumbuka ndoo.

Na siku niliyoipiga teke bakuli ya tui likamwagika sakafuni, ulinichapa kwa mwiko. Ulisema katika nyumba hii chakula hakimwagwi, hata kikichacha kina mlaji wake, na chicha tukawapa kuku ili nisidhani kwamba kuna kitu cha nazi kinachotupwa. Maneno yale nimeyabeba mpaka leo. Nakuomba uyakumbuke, kwa sababu nitayarudia.

Uliniuliza siku ile, kwa sauti iliyofika hadi barazani, nilikwenda Kigoma kutafuta nini. Sikukujibu. Sasa nakujibu.

Bibi ndiye aliyenituma. Unajua kwamba bibi alikulia katika kambi ya mkonge, upande wa Muheza, lakini sidhani kama uliwahi kukaa naye mchana kutwa akakusimulia walikula nini. (Kwa wasiotoka Tanga: mkonge uliletwa kwetu mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na katika miche aliyoiagiza ni 62 tu iliyofika ikiwa hai. Kutokana na hiyo yalikuja kuota mashamba yaliyohitaji watu wengi kuliko waliokuwepo Tanga, na wakaletwa manamba kutoka mbali, Waha wa Kigoma wakiwemo.) Mlango wa pili kutoka kwa kina bibi aliishi mama wa Kiha, ambaye kila mara mtu wa kwao alipofika alipata kichupa cha mawese, na siku hiyo aliunga maharage yakawa mekundu, akawagawia watoto wa kambi katika vifuu. Bibi alikuwa na miaka sita au saba. Alipozeeka, meno yameisha, alikuwa bado akiniambia kwamba harufu ile hajakutana nayo tena, kwamba haifanani na nazi wala samli. Mara ya mwisho niliyokaa naye alinishika mkono akasema, "Mume wangu, wewe unasomea chakula, nitafutie basi yale mafuta mekundu kabla sijaondoka."

Nilimwambia mawese yanauzwa hata Dar es Salaam. Akasema anataka ya kwao, yaliyotoka mikononi mwa watu wa kule, na nimweleze wanayapikaje. Ndivyo nilivyopanda treni hapa Morogoro mwezi wa kumi, kabla chuo hakijafunguliwa, kwa fedha nilizozibakiza za mafunzo kwa vitendo.

Sitakuficha kwamba nilifurahi. Safari ile ya zaidi ya kilomita elfu moja niliila kituo kwa kituo. Saranda treni iliposimama, akina mama walikuja madirishani na kuku na ugali juu ya sinia, nikala nikiwa nimesimama mlangoni. Tabora nilionja matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa kisha vikaanikwa mpaka vikawa kama ngozi, na ukivitafuna utamu unachelewa kuja, lakini ukija haukomi. Uvinza, ambako watu wamechemsha chumvi tangu zamani za kale, nilinunua pakiti moja. Kila mahali niliandika katika daftari: kinaitwaje, kinaivaje, nani anakipika. Daftari hilo ndilo ulilosema ni la mtu asiye na kazi.

Lakini chakula ninachotaka ukijue ni kimoja tu. Siku ya kwanza Kigoma niliingia katika kibanda karibu na soko, nikaletewa mgebuka, samaki wa ziwani, aliyeungwa kwa mawese na ugali wa muhogo. Nilimega tonge, nikalifinyanga, na kabla halijafika kinywani nilikuwa nimeshajua. Ni bada, dada. Ni bada ileile ya kwetu, ulaini uleule unaovutika kidogo kwenye vidole, harufu ileile ya muhogo uliovundikwa, ambayo bibi alitusongea tukila na mchuzi wa papa. Nilikuwa nimevuka nchi nzima kutoka bahari mpaka ziwa, nikakuta watu wamekaa kitako wakila chakula cha bibi. Nilitoka nje nikampigia kwa simu ya jirani yake. Nilimweleza yote, rangi ya mchuzi, jinsi mawese yanavyopashwa kwanza yakatulia ndipo kitunguu kinaingia. Alicheka mpaka akakohoa. Akasema, "Kula na fungu langu, halafu uje."

Hiyo ilikuwa Jumapili. Jumanne asubuhi nilikuwa Kibirizi, ufukweni, nikiwatazama akina mama wakianika dagaa waliovuliwa usiku kwa taa. Walikuwa wakiwatandaza juu ya chanja kwa viganja, kwa upole, kama mtu anayelaza mtoto. Hapo ndipo simu ilipolia. Bibi alifariki alfajiri na angezikwa baada ya Alasiri. Nilikuwa mwisho wa reli. Hata ningekuwa na mabawa nisingeiwahi jeneza, na unajua hivyo, dada, unajua kabisa. Nilipanda basi lililofuata, sikulala, sikula chochote njiani, nikashuka stendi ya Kange siku ya kuanua matanga nikiwa na begi moja na chupa ya lita moja ya mawese niliyoipakata mapajani tangu Kigoma ili isivunjike.

Sasa nifike pale ambapo sijawahi kupita bila kusimama.

Ulikuwa uani, kati ya yale masufuria mawili makubwa ya pilau, kanga umejifunga kiunoni, macho yamevimba. Nilikuja nikuangukie. Ulinitazama mimi, ukaitazama chupa, ukasema, "Mume wa marehemu alikuwa safarini akila." Baadhi yao walicheka, wakidhani ni utani wa msibani. Hukuwa ukitania. Ukaongeza kwamba wenzangu wanakopa wasome na mimi nimekopa nikale, na kwamba wewe unaamka saa kumi kuuza vitumbua ili mimi nikajaze tumbo kwenye treni. Ukanipokonya chupa. Uliifungua kizibo kwa meno, ukaiinamisha, ukaimwaga yote pale penye mchanga karibu na karo, polepole, mpaka tone la mwisho. Nakumbuka jinsi mchanga ulivyokataa kuyanywa kwa haraka, yakakaa juu mekundu, yakiwaka juani, ndipo yakaanza kuzama pembezoni. Kuku wakaja, wakadona mara moja, wakaondoka.

Nimekusamehe maneno. Ulikuwa umemwosha bibi kwa mikono yako, umekesha siku tatu, na mtoto mliyemlea hakuwepo; ningekuwa wewe labda ningesema makali zaidi. Nisichoweza kukisamehe ni kumwaga. Wewe uliyenichapa kwa mwiko kwa ajili ya tui, wewe uliyenifundisha kuokota punje ya mchele iliyoanguka mkekani, ulimwaga chakula ambacho mwanamke wa miaka themanini alikisubiri tangu utotoni. Sikusema pale kwamba yalikuwa yake. Ningesemaje? Wangesema ninajificha nyuma ya maiti. Nikanyamaza, nikachukua begi langu, na tangu siku ile tumeishi hivi.

Umewaambia ndugu kwamba nilikudanganya. Sikukudanganya, dada, sikukwambia tu, na sikukwambia kwa sababu nilijua ungekataa. Fedha za safari zilikuwa zangu, isipokuwa ile elfu thelathini uliyonitumia mwezi wa tisa, ambayo ilikuwa ndani ya mfuko huohuo, na fedha ikishachanganyika haijulikani tena ipi ni ya nani. Hilo nalikubali. Nitakurudishia. Lakini kwamba nilikwenda kujaza tumbo, hilo silikubali hata kidogo. Ibn Battuta alipopita pwani yetu mwaka 1331 aliandika kwamba watu wa Mombasa chakula chao ni ndizi na samaki, na hapohapo akaandika kwamba ni watu wa dini na waaminifu. Hakuona aibu kuyaweka mawili hayo pamoja. Kwa karibu miaka mia saba sasa tunajua Mombasa ya siku hizo ilikula nini kwa sababu mgeni mmoja alikaa kitako, akala, akakumbuka. Mama wa Kiha wa pale kambini hakuandikwa na mtu. Jina lake bibi alikuwa amelisahau. Kilichobaki kwake ni maharage mekundu katika kifuu.

Na hapa nina neno la ushauri, uniwie radhi. Mwanao ameniambia amemaliza kidato cha nne na anataka kwenda kusomea upishi, na umemwambia ataishia kama mjomba wake. Usimfungie njia. Mkono wake unaujua mwenyewe; anapindua vitumbua vizuri kuliko mimi na wewe. Ukimpeleka akasome, atajua kwa nini kisamvu lazima kichemke sana ili sumu yake itoke, na kwa nini wekundu wa mawese ni karotini, kitu kinachoujenga mwili na kuyalinda macho ya mtoto, si rangi ya kumwaga mchangani. Atajua kwamba mafuta uliyokaangia siku tatu mfululizo hayafai tena, jambo nililokwambia likizo ile ukasema nimeanza kujiona. Sikuwa najiona. Nilikuwa nimesoma jambo nikaona wa kwanza kulijua uwe wewe. Na hata huko Kigoma, kila nilichoandika katika daftari nilikiandika kwa maneno utakayoyaelewa: tui, mwiko, kifumbu, kuvundika. Sikuwa namwandikia mwalimu. Ni wewe niliyetaka ulisome, jioni, ukiwa umenyoosha miguu, unisahihishe kama unavyonisahihisha siku zote. Sijui kama nimeshauri au nimejitetea tu. Yote mawili ni kweli kwangu.

Kuna siku nakukumbuka mpaka nashindwa kula. Chumba changu kiko karibu na mama mmoja anayekaanga vitumbua asubuhi. Vyake vina sukari nyingi na iliki kidogo, lakini harufu ile ikipita dirishani ninaamka nikitafuta kifumbu.

Nimesikia chuma cha bibi sasa kiko kwako, na kwamba kile kishimo cha pembeni bado kinashika unga. Bibi alikuwa akikitengeneza hivi: anakiweka mkavu juu ya mkaa, anajaza chumvi katika vishimo vyote saba, anaiacha mpaka inageuka rangi, kisha anaimwaga na kukisugua kwa kitambaa chenye mafuta kikiwa bado cha moto. Ile pakiti ya chumvi ya Uvinza ilikuwa chini ya nguo begini siku ile, hukuiona. Ninayo bado, sijaifungua. Nitashuka Kange Ijumaa ya wiki ijayo, Inshallah, kwa basi la mchana. Kama utanifungulia mlango, mwambie mwanao aniandikie neno moja tu, nami nitapita soko la Mgandini kwanza ninunue nazi. Mchele nitauloweka mwenyewe.

Mdogo wako.