Barua ya malalamiko: Mlitushusha Bagamoyo bahari ikiwa kavu

Sahare, Tanga
27 Desemba 2024

Kwa Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja

YAH: MALALAMIKO KUHUSU ZIARA ZA MAZIWE NA BAGAMOYO, SAFARI YA TAREHE 14 HADI 17 DESEMBA 2024

Ndugu Meneja,

Salamu. Mimi ni mteja wenu wa safari ya meli ya siku nne, Tanga, Maziwe, Unguja na Bagamoyo. Tulikuwa watu 13 wa familia moja, watu wazima saba na watoto sita, na risiti zote zina jina langu. Nilipiga simu ofisini kwenu tarehe 18, siku moja baada ya kurudi, nikaambiwa niandike. Ndiyo hii barua.

Lalamiko langu ni moja, ila limetupata mara mbili. Mlipanga saa za kuwashusha watu bila kutazama maji.

Naomba nianzie mbali kidogo, ili muelewe mlichokiharibu. Safari hii tuliichangia miezi kumi na moja kwenye kikoba cha familia. Mlipotupa karatasi ya ziara mwezi wa kumi, tuliitandaza mkekani usiku baada ya isha, kila mtu akachagua. Vijana walitaka msitu wa Jozani wakawaone kima punju. Mimi na dada yangu tulitaka mashamba ya viungo ya Kizimbani. Watoto wadogo walishikilia Maziwe, kwa sababu ya ile picha yenu ya mchanga mweupe peke yake katikati ya bahari. Mama yangu alitusikiliza mpaka tukamaliza, ndipo akasema yeye ana moja tu, Bagamoyo, na mengine tumpangie tupendavyo.

Mama ana miaka 76. Kwao ni Bagamoyo, Dunda. Mwaka 1967 baba alikwenda kumwoa huko, akamleta Tanga kwa jahazi. Mara ya mwisho kukanyaga kwao ilikuwa 1989, alipokwenda kwa basi kumzika kaka yake. Alichotaka safari hii ni kuuona mji wake kwa upande wa baharini, kama alivyouacha, kisha apelekwe Kaole akasome fatiha kwenye yale makaburi ya kale ambako bibi yake alikuwa akimpeleka akiwa mtoto. Kwa hiyo katika safari nzima tuliyoilipia, siku iliyokuwa na uzito ilikuwa Jumatatu tarehe 16. Nyingine zilikuwa nyongeza.

Kaka yangu alishauri Bagamoyo tusinunue ziara yenu. Tuna binamu pale mwenye bajaji, angetupokea ufukweni na kutuzungusha kwa nusu ya bei. Karani wenu akatuonya kwamba meli haimsubiri mtu aliyetoka kivyake. Akichelewa atajua mwenyewe njia ya kurudi, na wanaosubiriwa ni wa ziara za kampuni. Sikubishana naye, kwa sababu najua ndivyo meli za kitalii zinavyofanya kazi duniani kote. Tukanunua yenu. Lakini maneno yale yana pande mbili. Mkishamwambia mteja kuwa usalama wake na muda wake uko mikononi mwenu akienda na nyinyi, basi ameshakuwa mzigo wenu tangu anapoiacha ngazi ya meli mpaka anapoirudia. Hamuwezi kuchukua pesa ya dhamana halafu dhamana yenyewe mkaiacha majini.

Kwenye fomu, karani aliandika kwa mkono wake, nami nikimwangalia: "Mzee, ana magoti, asitembee mwendo mrefu." Akaniambia, "Hakuna shida, mama."

Ratiba kamili mlinitumia kwa WhatsApp tarehe 2 Desemba. Maziwe, saa tisa alasiri. Bagamoyo, saa nne asubuhi. Nilipoisoma nilishtuka. Baba yangu alikuwa mvuvi hapa Sahare, na nyumba yetu ilikula kwa saa za maji kabla ya saa za ukutani. Mwezi ulikuwa unajaa tarehe 15. Hiyo ni bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida, na kwenye bamvua ya pwani yetu maji hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa mnamo saa nne, asubuhi na usiku, yakisogea mbele kidogo kila siku. Tofauti ya kujaa na kupwa hufika mita tatu na zaidi. Mtoto wa Sahare anayeokota chaza anayajua haya.

Nikawajibu siku ileile. Ujumbe ninao: "Saa hizi mmezigeuza. Maziwe inatakiwa asubuhi maji yakiwa yamekupwa, na Bagamoyo inatakiwa maji yakiwepo." Mkanijibu siku ya pili kwamba nahodha ana uzoefu wa miaka mingi, nisiwe na wasiwasi.

Sasa niwaambie yaliyotokea.

Maziwe nitaisema kwa ufupi. Zamani kilikuwa kisiwa chenye miti, na kasa walikuwa wakipanda kutaga mayai. Miti ilikwisha miaka ya 1980, bahari ikala ardhi, na siku hizi ni fungu la mchanga linalotokeza maji yakikupwa na kuzama yakijaa. Tulitoka Tanga saa tano asubuhi. Tulipofika saa tisa hapakuwa na mchanga, hapakuwa na kitu, ila weupe wa mawimbi yakivunjika juu ya fungu. Watoto walikuwa wamekwisha kuvaa miwani ya kuzamia. Mwanangu wa mwisho, ana miaka saba, aliniuliza kisiwa wamekipeleka wapi. Mlizunguka mara mbili, mkatugawia soda na maandazi humohumo melini, mkageuza. Mngetutoa Tanga saa kumi na moja alfajiri tungefika saa tatu, mchanga ukiwa wazi na jua bado halijawa kali.

Unguja sina neno. Kijana mliyetupa Kizimbani ni mwalimu hasa. Alimkata Mama kipande cha mdalasini mtini akampa anuse, akamwachia muda wake bila kumharakisha. Mfikishieni shukrani zetu.

Bagamoyo.

Meli ilitia nanga mbali, jambo ambalo silishangai, maana ule ufuko una kina kidogo na majahazi yenyewe hukaa juu ya tope maji yakiondoka. Saa nne na robo mkatupakia kwenye boti ya kushushia abiria. Mama alikuwa amevaa khanga aliyoitunza kwa siku hiyo, na mapajani alipakata kifurushi chenye ubani na chupa ndogo ya marashi. Alikaa mbele kabisa. Minara ya kanisa ilipotokeza juu ya minazi alinyoosha kidole akaanza kuwaonyesha wajukuu: pale misheni, pale forodhani, pale nyuma ndiko kwetu. Sijamsikia akiongea vile tangu baba afariki.

Boti ikakwama. Mashine ilitibua tope mara mbili, ikazimwa. Kutoka pale hadi ukingoni, kwa kukadiria, ni mita mia tatu, yote tope na majani ya bahari, maji yakiishia magotini na yakizidi kurudi nyuma. Kijana wenu akasema tushuke, ni hatua chache. Watoto wakashuka, na vijana na shangazi zao wakafuata, wameshika viatu mkononi. Dada yangu aliteleza mara mbili kabla hajafika. Mama aliutia mguu mmoja majini, ukazama mpaka nusu ya muundi, akashindwa kuutoa. Tulimvuta watu wawili. Kandambili ilibaki kule chini.

Ndipo vijana wenu wawili wakajitolea kumbeba mgongoni. Siwalaumu, walikuwa na adabu na walimwita bibi. Mama akawaambia, "Wanangu, niliondoka hapa kwa miguu yangu, mbele ya watu wa kwetu. Siwezi kurudi nimebebwa kama gunia la chumvi." Akarudi kukaa.

Nikabaki naye. Wenzetu wakaenda Kaole na Mji Mkongwe. Boti haikuweza kwenda mbele wala kurudi, ikalala ubavu kidogo, nasi ndani yake, juani, bila turubai, kwa saa nzima na zaidi, mpaka vijana wakapata ngalawa ya mvuvi iliyokuwa kwenye maji ya nje, wakatusukuma hadi kwake juu ya ubao, akaturudisha melini. Tulikuwa na chupa moja ya maji. Mji ulikuwa mbele ya macho yetu muda wote. Mama aliacha kuonyesha kidole. Aliifunua khanga, akatazama kile kifurushi, akakifunga tena.

Na hili ndilo lililonifanya niandike. Saa tisa alasiri wenzetu walirudi, na boti zilezile zikawafuata mpaka mchangani kabisa. Walipanda hata nguo hazikulowa. Maji yalikuwa yamerudi, kama yanavyorudi kila siku. Mama alikuwa amesimama kwenye ukingo wa meli akiangalia. Nilimwomba mkuu wa wahudumu ampeleke ufukweni hata kwa dakika kumi, akanyage tu mchanga arudi. Akasema ratiba inaonyesha nanga ni saa tisa na nusu, haiwezekani. Saa tisa na nusu mkang'oa nanga.

Mliponijibu kwenye simu mlisema mambo mawili. La kwanza, kwamba bahari ni kazi ya Mungu. Ni kweli, na upepo ukivuma nitanyamaza, dhoruba ikija nitawashukuru mkigeuza. Lakini kupwa na kujaa siyo dhoruba. Majedwali yake huchapishwa mwaka mzima kabla, saa na dakika, na mwezi wenyewe uko juu kwa asiye na jedwali. Masharti yenu yanasema kampuni haitawajibika kwa "hali ya hewa". Maji ya Bagamoyo kukupwa saa nne na nusu siku moja baada ya mwezi mpevu siyo hali ya hewa.

La pili, kwamba ziara ilifanyika kwa kuwa abiria kumi na mmoja walifika Kaole. Hao mliwafikisha, na wamesema kiongozi wa pale alieleza vizuri ule msikiti wa karne ya 13. Lakini ziara ya Mama haikufanyika, na mlikuwa na maandishi kwamba yupo mtu asiyeweza kutembea mwendo mrefu. Ikiwa hamkukusudia kuyasoma, mliandika ya nini? Mngetoka Unguja usiku, mkashusha watu Bagamoyo saa kumi na mbili asubuhi maji yakiwa bado yanatosha, mkawapakia saa tisa yalipokuwa yamerudi, kila mtu angeshuka kwa miguu yake na ratiba yenu isingepotea hata saa moja.

Ninachodai ni hiki. Mturudishie fedha ya ziara ya Maziwe, watu wazima saba kwa shilingi 45,000 na watoto sita kwa 25,000, jumla shilingi 465,000. Mrudishe pia fedha ya Bagamoyo ya Mama na yangu, shilingi 60,000 kila mmoja. Yote pamoja ni shilingi 585,000. Zile za wenzetu walioshuka kwenye tope sizidai, kwa kuwa waliona walichokwenda kuona.

Pili, mumwandikie Mama barua ya kumwomba radhi, kwa jina lake siyo langu, kwa Kiswahili, na iletwe nyumbani na mtu wa ofisi yenu. Ni mtu mzima, na mtu mzima haombwi radhi kwa ujumbe wa simu.

Tatu, mmpeleke Bagamoyo. Mna safari nyingine mwezi wa pili, kabla masika hayajaingia. Awepo yeye na mmoja wetu wa kumshika mkono, kwa gharama yenu, na saa ya kushuka mnionyeshe mapema pamoja na jedwali la maji la siku hiyo. Safari hii sitaridhika na jibu la kwamba nahodha anajua.

Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii. Zikipita kimya, nitayapeleka malalamiko haya Tume ya Ushindani pamoja na nakala za risiti, fomu yenye mwandiko wa karani wenu, na ujumbe wangu wa tarehe 2 Desemba na jibu lenu, ambazo pia nimeziambatisha hapa.

Kile kifurushi bado kipo juu ya kabati la Mama. Marashi hayajafunguliwa.

Wenu,
Mteja aliyelipia safari,
kwa niaba ya Mama na familia