Vishikwambi vitoke kabatini, viende ufukweni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na walimu wakuu wenzetu wa shule za msingi, hasa wa huku kwetu Tanga.

Baada ya Sensa ya Agosti 2022, serikali iligawa kwa walimu vishikwambi vilivyotumiwa na makarani. Tulivipokea kwa furaha. Lakini katika shule niliyokuwa nikifundisha awali vilifungiwa kabatini visije vikaharibika, vikawa vinatolewa siku ya kujaza takwimu tu. Hakuna mtoto aliyewahi kufundishwa kwa kifaa kile, na jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Kujaa na kupwa kwa maji nimekufundisha miaka mingi kwa chaki: duara la dunia, duara la mwezi, mishale. Watoto wananakili, mtihani ukija wanakosa. Na hawa ni watoto wa Sahare, wanaoamka na bahari mlangoni!

Mwaka jana nilimwomba mvuvi mmoja atusimikie mti baharini maji yalipokupwa, tukiwa tumeutia alama za rangi kila sentimita 10. Mwezi ulikuwa mpevu, maji ya bamvua, yale yanayojaa na kupwa kupita siku nyingine. Kesho yake saa 1 asubuhi darasa zima lilikuwa ufukweni. Kishikwambi tulikifunga kwenye kigogo kisitikisike. Kila baada ya dakika 10 mtoto mmoja anapiga picha, wa pili anasoma alama, wa tatu anaandika. Tulianza maji yakiwa kwenye sentimita 130. Ilipofika saa 3 mti umesimama kwenye mchanga mtupu. Darasani nikazipitisha picha zote 13 harakaharaka. Bahari ikaondoka mbele ya macho yao. Wakashangilia hadi mwalimu wa darasa la jirani akaja kuchungulia.

Wiki moja baadaye, mwezi ukiwa nusu, tukarudi saa ileile. Mti haukukauka. Mtoto mmoja ambaye darasani huwa simsikii sauti akawaambia wenzake, "Haya maji mafu. Leo bibi haendi kuchokoa pweza." Wakamzunguka, akawaeleza kwa nini siku hizo mwamba hautoki. Nilipochora tena mwezi na dunia ubaoni, mikono ilinyooshwa kabla sijauliza swali.

Hayo yote hayakuhitaji intaneti wala bando. Tulitumia kopo dogo la rangi na chaji ya usiku mmoja.

Najua kinachowatia hofu wakuu wa shule: kikipotea, nani atalipa? Hofu hiyo ni ya haki, maana mtu amekisainia. Basi liwepo daftari la kutoa na kurejesha, na kamati ya shule ikubaliane mapema na walimu juu ya kifaa kitakachoharibika kikiwa kazini, ili mzigo usimwangukie mwalimu aliyethubutu kukitumia. Halmashauri nayo iturahisishie kibali cha kuwatoa watoto nje ya shule. Mimi nilikisubiri karibu mwezi, na ufukwe tunauona dirishani.

Mti wetu bado umesimama pale Sahare. Shule yoyote ya jirani inakaribishwa kuutumia. Mwezi ukiwa mpevu wafike mapema, saa 1 asubuhi.

Mwalimu wa shule ya msingi,
Tanga