Jinja ni mlango wa ziwa letu, si mchezo wa mashua tu

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua. Wiki mbili zilizopita ukurasa wenu wa safari uliandika habari za mji wa Jinja, Uganda. Makala ile nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu mkononi. Ilisifu mashua za mpira zinazorushwarushwa na mawimbi, ikasifu hoteli, ikafunga kwa kusema hapo ndipo Speke, msafiri Mwingereza wa karne ya 19, "alipogundua" chanzo cha Nile. Basi. Kwa msomaji wa Dodoma huenda inatosha. Kwa sisi wa Mwanza ni kama kuelezwa habari za nyumba yako mwenyewe, msimulizi akaishia kwenye rangi ya ukuta.

Mimi ni mstaafu. Miaka 26 nilikuwa fundi wa mitambo ya kufuma katika kiwanda cha nguo hapa Mwanza, na naishi Kirumba, hatua chache kutoka Ziwa Victoria. Binti yangu ameolewa na Msoga, kabila la upande wa Jinja, wako Iganga, na Agosti iliyopita nilikwenda kumwona mjukuu. Basi lilipita daraja la Kigongo–Busisi (nani aliyewahi kulala pale akisubiri kivuko asiyelishukuru?), likakata Bukoba, Mutukula, hadi Kampala. Kutoka Kampala hadi Jinja ni kilomita 80 hivi. Pale Namawojjolo wauzaji wanakimbilia madirisha na kuku wa kuchoma kwenye vijiti na ndizi tamu wanazoziita gonja. Nunueni gonja, kuku nilimkuta mgumu. Kisha unaingia msitu wa Mabira, na ukitoka huko haupiti muda unakutana na mto Nile.

Unavuka kwa daraja jipya lililofunguliwa Oktoba 2018, la mita 525, limening'inizwa kwa nyaya nene. Mkwe wangu, aliyekuja kunipokea kwa gari, kijana mpole lakini mbishi kwa mambo ya kwao, alisimamisha gari kando kabla ya kuvuka. "Baba, shuka kwanza uone." Nikashuka, nikatoa simu nipige picha ya bwawa. Askari akanifuata taratibu, bunduki mgongoni, akasema kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko cha mkwe wangu: "Mzee, hapa picha hakuna. Weka simu mfukoni, tumia macho." Nikamwambia natoka Mwanza. "Mwanza ya Bukoba huko?" Nikasema ndiyo, ya Bukoba huko. Angekuwa mwanafunzi wangu ningemtuma ramani.

Basi nikatumia macho, na hili ndilo ninalotaka wasomaji walione. Ziwa letu lina mito mingi inayoingia, Kagera, Mara, Simiyu, Nzoia na mingineyo, ingawa maji yake mengi zaidi ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe. Lakini mto unaotoka ni mmoja tu, nao unatokea Jinja. Zamani palikuwa na kizingiti cha mwamba, maporomoko ambayo Waingereza waliyaita Ripon, na mwamba ule ndio uliokuwa ukiamua ziwa likae kina gani. Hata jina la mji linatokana na neno la huko lenye maana ya jiwe. Walipojenga bwawa la Owen Falls, ambalo Malkia Elizabeth alikuja kulifungua Aprili 1954, mwamba ulichimbwa na maporomoko yakazama. Tangu siku hiyo kizingiti cha ziwa letu ni milango ya chuma, na anayeifungua na kuifunga ni binadamu.

Wamisri walilielewa jambo hili mapema kuliko sisi. Walichangia fedha za bwawa na kumweka mhandisi wao pale Jinja kuangalia maji yanayotolewa. Ikawekwa kanuni kwamba maji yatoke kwa kiasi kile kile ambacho mto wenyewe ungetoa kama mwamba ungekuwepo. Halafu likaongezwa bwawa la pili ubavuni, Kiira, lililoanza kazi mwaka 2000, na la kwanza likaitwa Nalubaale, jina la Waganda la ziwa.

Sasa mkumbuke mwaka 2006. Hapa Kirumba maji yalirudi nyuma hadi wavuvi wakawa wanasukuma mitumbwi kwenye tope, na mama lishe mmoja akahamishia banda lake mahali ambapo mwaka uliotangulia watoto walikuwa wakiogelea. Tulisema ni ukame, na kweli ukame ulikuwepo. Ila sehemu ya sababu ilikuwa kule Jinja, ambako kwa miaka michache maji yalitolewa kupita kanuni ili mitambo ipate kuzunguka. Kisha mvua zikaja na ziwa likapanda. Mei 2020 kipimo cha Jinja kilisoma mita 13.42, juu kidogo ya rekodi ya 1964 iliyokuwa mita 13.41. Mimi mita hizo sikuzijua wakati ule. Nilichojua ni kwamba maji yameingia kwenye choo changu cha nje, na yalipofika juu kabisa nikapiga msumari ukutani. Mwaka 2024 yakarudi, nikapiga msumari wa pili, juu ya ule wa kwanza. Majirani wakanicheka, eti mzee anapiga misumari chooni.

Siku ya pili mkwe alinipeleka Njeru, ng'ambo ya magharibi, baada ya kuniuliza nataka kuona nini nami nikajibu: kiwanda. Alidhani natania. Mhariri, umeme wa bwawa lile haukujengewa taa za mitaani. Serikali ya kikoloni ilitaka Jinja iwe mji wa viwanda, na ikawa: nguo, bia, chuma, mafuta ya kula, na shaba ya Kilembe iliyoletwa kwa treni kutoka Kasese kuja kuyeyushwa hapo. Sukari ilikuwepo tayari Kakira, ambako Muljibhai Madhvani alianza mwaka 1930. Saruji ya kujengea ilitoka Tororo. Nasi tulioajiriwa viwanda vya nguo Tanzania tulilisikia jina la Nytil, kiwanda cha nguo cha huko, tukiwa bado wanagenzi, kama vijana wa siku hizi wanavyosikia majina ya timu za Ulaya. Mafundi wa zamani walikuwa wakilipima jora letu kwa vidole na kusema, "Bado si Nytil hii."

Kiwanda kipo na kinafanya kazi, kwa jina la Southern Range Nyanza. Sikuingia ndani, sikuwa na kibali. Nilisimama ng'ambo ya lango saa ya kubadilishana zamu. Walitoka kinamama kwa wanaume, wakitembea ule mwendo wa mtu aliyesimama saa nane kwenye sakafu ya saruji, na mmoja wao, mwanamume wa makamo, alikuwa na vumbi jeupe la pamba kwenye nyusi na kwenye vinyweleo vya mikono. Nilimwuliza yuko sehemu gani. Hakunijibu kwa maneno. Alinyanyua mikono miwili na kufunga fundo hewani, kidole gumba na cha shahada, upesi upesi, fundo la kuunga uzi wa mtande uliokatika. Nami nikamrudishia lile lile. Mkwe wangu akawa anatutazama kama watu waliorukwa na akili. Kelele za mashine zinaua masikio, Mhariri. Mikono ndiyo inayozungumza, na nimegundua inazungumza vilevile Njeru na Mwanza.

Mjini kwenyewe, Barabara Kuu inakwenda moja kwa moja na maduka ya Wahindi pande zote mbili, ya ghorofa moja, vibaraza vya nguzo, na juu ya paji la kila jengo jina na mwaka: miaka ya 20, ya 30, ya 50. Ukitembea ukiinua kichwa unasoma mji ulivyokua. Kwanza pamba na meli kutoka Kisumu, na reli fupi ya kwenda Namasagali mwaka 1912. Kisha reli ya kuvuka mto kwenda Kampala mwaka 1931. Kisha umeme. Ukishusha kichwa unaona kilichotokea baada ya Agosti 1972, Idi Amin alipowapa Waasia siku 90: plasta iliyobanduka, milango isiyofanana na nyumba zake. Baadhi ya familia zilirudi, Kakira ikafufuliwa. Kuna majengo yamepakwa rangi upya na kuwa mikahawa ya wageni, ambako kikombe cha kahawa kinalingana na sahani ya sato. Wao sato wanaiita ngege na sangara wanamwita mputa, nami nikawaambia samaki ni yule yule, kabadili pasipoti.

Bustani ya chanzo cha mto pia nilikwenda, nisije nikasema sikwenda. Mwenye mashua mmoja alinitajia bei kwa dola. Nilipomjibu kwa Kiswahili cha kwetu ikashuka hadi nusu, na mkwe alipoingilia kwa Lusoga ikashuka tena. Pana sanamu ya Gandhi, kwa kuwa sehemu ya majivu yake yalimwagwa pale mwaka 1948. Pana kibao kwenye kisiwa kidogo ambacho kila mtu anapigia picha. Upande wa pili wa mto pana mnara wa Speke.

Na hapo narudi kwenye makala yenu. Speke aliliona ziwa hili kwa mara ya kwanza hapa kwetu Mwanza, Agosti 1858, na moja ya ghuba zetu hadi leo ina jina lake. Alifika kwenye maporomoko ya Jinja tarehe 28 Julai 1862. Safari zote mbili alikuwa na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utumwani akiwa mtoto, akapelekwa India, akarudi Afrika akiwa mtu huru. Bila yeye na wapagazi waliotoka pwani, Speke asingefika hata Tabora. Speke mwenyewe ameandika kwamba walipoufikia mto, siku chache kabla ya kuyaona maporomoko, aliwaambia watu wake wanyoe vichwa na kuoga katika maji hayo matakatifu, na Bombay akamjibu kuwa wao hawayatazami mambo kwa njozi kama zake. Nimelipenda jibu hilo kuliko mnara mzima. Wasoga walikuwa wakiuita mto Kiira wakati huo, wakivua na kuvuka kwa mitumbwi, na hakuna aliyehitaji kugunduliwa. Neno hilo, Mhariri, naomba liondoke kwenye ukurasa wenu.

Ombi la pili: mkituma tena mwandishi Jinja, apite Mwanza kwanza. Aongee na watu wa mwalo wa Kirumba, na wale wa Ukerewe ambao mashamba yao yaliliwa na maji, kisha aende akaulize kule bwawani ni nani anayeamua leo maji kiasi gani yatoke, na sisi wa huku tunaarifiwa na nani. Mashua za mpira anaweza kupanda siku ya mwisho ikibaki nafasi. Nasikia siku hizi zinaanzia mbali zaidi chini ya mto, kwa sababu maporomoko ya Bujagali, ambako wazee wa Busoga walikuwa na mizimu yao, nayo yalizamishwa na bwawa jingine mwaka 2011.

Niliporudi nyumbani nilikwenda uani kabla hata ya kufungua begi. Kutoka ukingo wa maji hadi kwenye ukuta wenye misumari nilihesabu hatua 19. Kesho yake asubuhi nikahesabu tena, zikawa 19 vilevile. Jirani alinikuta nahesabu, safari hii akauliza nahesabu nini.

Mstaafu wa kiwanda cha nguo,
Kirumba, Mwanza